Feri au Handaki: Kuvuka na Gari kati ya Uingereza na Ufaransa

Pale bahari inapobana zaidi kati ya Uingereza na Ufaransa, karibu na Dover, maji yana upana wa kama kilomita 33. Siku ya anga safi, mtu akisimama juu ya majabali meupe ya Dover anaiona Ufaransa kwa macho matupu. Lakini maji hayo machache ndiyo yanayomkalisha chini kila mwenye gari Uingereza anayetaka kwenda Ulaya bara. Apande feri akae baharini saa moja na nusu, au aliingize gari ndani ya treni, apite chini ya bahari, na baada ya dakika 35 awe ng'ambo?

Wanaojiuliza hivyo si watalii peke yao. Watanzania na Wakenya wa London, Leicester, Birmingham na Reading wana ndugu Paris, Brussels, Den Haag na Cologne. Pale Brussels kuna mtaa unaoitwa Matonge, jina lililotoka Kinshasa pamoja na Wakongo. Harusi ikiitwa huko, au msiba ukitokea, watu saba hujipanga kwenye gari moja na masufuria yao, sare zao za kitenge na mtoto wa kubebwa. Tiketi saba za ndege ni mzigo, basi gari ndilo jibu. Hapo mjadala huanza kwenye kundi la WhatsApp la familia: huyu anasema feri ni nafuu, yule anasema handaki ni haraka, na wote wawili wanazungumza kama kwamba safari nzima ni ya kilomita 33.

Nionavyo mimi, kosa liko hapo. Uamuzi huu hautokani na maji. Unatokana na nchi kavu iliyo kabla na baada yake: mnatoka mji gani, mnakwenda mji gani, madereva ni wangapi, nani amekaa kiti cha nyuma na pasipoti yake ni ya wapi. Ukishajibu hayo, mara nyingi feri au handaki hujichagua lenyewe.

Tuanze na handaki, maana ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Ndani yake hakuna barabara, na hakuna anayeendesha gari lake chini ya bahari. Kuna njia tatu zilizochimbwa sambamba: mbili za reli, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 7.6, na katikati yake nyingine nyembamba ya mita 4.8 kwa ajili ya mafundi na uokoaji. Urefu wake ni kilomita 50.45, na karibu 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Hakuna handaki jingine duniani lenye sehemu ndefu kiasi hicho chini ya maji.

Msafiri huiacha barabara kuu ya M20 na kuingia kituo cha Folkestone. Anapita kwenye tiketi, anakaguliwa na Waingereza, mita chache mbele anakaguliwa na Wafaransa, kisha anangoja herufi aliyopewa iitwe. Ikiitwa, anateremka hadi jukwaani na kuingia kwa ubavuni mwa behewa, halafu anaendelea kuendesha polepole ndani ya treni yenyewe, behewa baada ya behewa, mpaka mfanyakazi amwonyeshe pa kusimama. Anavuta breki ya mkono, anaacha gari kwenye gia, anazima injini na kushusha vioo nusu. Milango ya kuzuia moto inafungwa mbele na nyuma yake. Magari yasiyozidi urefu wa mita 1.85 kwenda juu hupangwa kwa ghorofa mbili. Yaliyo marefu zaidi, au yenye kreti la mizigo juu ya paa, huenda kwenye mabehewa ya ghorofa moja. Viti vya abiria hakuna, duka hakuna, choo kipo. Watu hubaki garini au husimama kando yake kujinyoosha, treni ikifikia kilomita 140 kwa saa. Upande wa pili, Coquelles nje kidogo ya Calais, gari linatoka na kushika barabara kuu ya A16, kwa kuwa ukaguzi wa Ufaransa ulikwishafanyika Folkestone.

Kwa nini hawakujenga barabara? Wazo la kupita chini ya bahari hii lina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1802 mhandisi Mfaransa, Albert Mathieu-Favier, alipendekeza handaki la magari ya farasi lililomulikwa kwa taa za mafuta, na kisiwa cha kutengenezwa katikati ya bahari ili farasi wabadilishwe. Miaka ya 1880 watu walianza kuchimba kweli pande zote mbili, lakini kazi ikasimamishwa kwa sababu wakubwa wa jeshi la Uingereza waliogopa adui angepitia humo. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza iliutupa mradi mwingine ambao uchimbaji wake ulikuwa umekwishaanza. Miaka kumi baadaye, serikali mbili zilipopokea mapendekezo mapya, yalikuwemo ya madaraja na ya barabara ya chini ya bahari. Lililoshinda lilikuwa la reli, na sababu zake zina uzito hadi leo. Moshi wa maelfu ya magari ndani ya bomba la kilomita 50 ungetolewaje? Na dereva anayetazama ukuta uleule wa zege kwa nusu saa nzima hukosa umakini, tena ajali moja tu ingetosha kuziba njia yote.

Waziri Mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher na Rais wa Ufaransa François Mitterrand walishuhudia mkataba wa handaki ukitiwa saini Canterbury tarehe 12 Februari 1986. Thatcher alishikilia kwamba fedha zitoke kwa watu binafsi, hazina ya serikali isiguswe. Wachimbaji walifuata tabaka la chaki iliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi, mwamba laini unaochimbika kirahisi na usiopitisha maji mengi. Tarehe 1 Desemba 1990 Waingereza na Wafaransa walikutana chini ya bahari katika njia ile ya katikati. Wafanyakazi kumi walikufa kazini kabla ya mradi kukamilika. Malkia Elizabeth II na Mitterrand walilifungua handaki tarehe 6 Mei 1994, gharama zikiwa zimepita makadirio kwa takriban asilimia 80. Madeni yaliyotokana na gharama hizo yaliiandama kampuni ya handaki hadi mwaka 2006, ilipoomba mahakama ya Ufaransa iilinde dhidi ya wadai wake. Wenye hisa wa kwanza, wengi wao watu wa kawaida wa Ufaransa na Uingereza, walipoteza sehemu kubwa ya akiba zao. Anayelalamikia nauli ya handaki ana haki, ila nauli hiyo ina historia.

Siku handaki lilipofunguliwa wengi waliziona feri kuwa zimekwisha, na zipo zilizokufa kweli. Njia ya Folkestone hadi Boulogne ilifungwa. Vyombo vya mto-hewa, vilivyoteleza juu ya maji na kufika Calais kwa muda uleule wa dakika 35, viliacha kazi mwaka 2000. Feri zikapoteza pia biashara iliyokuwa ikizilisha, ya pombe na sigara zisizotozwa kodi, Umoja wa Ulaya ulipoifuta kati ya nchi wanachama mwaka 1999. Kampuni ya feri ya SeaFrance ilianguka mwaka 2012. Na tazama kilichofuata: kampuni ya handaki yenyewe ilizinunua meli za SeaFrance na kuzirudisha baharini kati ya Dover na Calais. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikakataa, kwa hoja kwamba mwenye handaki akimiliki na feri, msafiri atabaki bila pa kukimbilia. Huduma hiyo ikakoma mwaka 2015. Uamuzi huo uliwaumiza mabaharia waliokuwa wameokoa ajira zao, na sisemi hivyo kwa wepesi, lakini kwa msafiri ulikuwa wa haki. Nauli ya handaki inashikiliwa chini na feri, na feri nazo hujitahidi kutunza ratiba kwa sababu handaki lipo.

Leo magari huvushwa kati ya Dover na Calais na kampuni za P&O, DFDS na, tangu 2021, Irish Ferries. DFDS huenda pia Dunkirk, mwendo wa takriban saa mbili. Msomaji anayeijua feri ya Likoni au pantoni ya Kigamboni aweke picha hiyo kando. Meli za Spirit of Britain na Spirit of France, zilizoanza kazi 2011 na 2012, zina urefu wa mita 213; P&O Pioneer ya 2023 ina mita 230. Gari linapanda daraja la chuma linalonguruma chini ya tairi, linaingia tumboni mwa meli palipojaa malori, na linabanwa karibu na jirani yake kiasi kwamba mlango unafunguka nusu tu. Hapo dereva azime king'ora cha gari, maana mtikisiko wa bahari hukiamsha, kisha akariri namba ya sitaha na rangi ya ngazi kabla hajapanda juu. Sitaha ya magari hufungwa safarini na hakuna anayeruhusiwa kurudi. Aliyeacha maziwa ya mtoto, dawa ya kisukari au koti garini ameyaacha hadi Calais. Mfuko mmoja wa vitu vya lazima uandaliwe tangu nyumbani, ushikwe mkononi.

Juu kuna mikahawa, viti vya kulaza mgongo, pembe ya watoto kucheza na sitaha ya nje. Nje kuna upepo, na kuna meli. Zaidi ya vyombo 400 hupita mlangobahari huu kila siku, vinavyokwenda kaskazini kwa njia yake na vinavyokwenda kusini kwa yake, huku feri zikivikata katikati kama mtu anayevuka barabara ya njia mbili. Mtoto aliyefungwa mkanda tangu Leicester atakumbuka hilo kuliko chochote kingine cha safari.

Sasa hesabu ya muda. Tofauti inayotangazwa ni dakika 35 kwa 90, lakini huo si muda wa mlango kwa mlango. Kote kuwili lazima ufike mapema, na siku za likizo mapema zaidi. Feri ina kupakia na kupakua kwa muda mrefu, na Dover iko mbele kidogo ya Folkestone. Ukijumlisha vyote, siku ya kawaida handaki hukuokolea saa moja, pengine moja na nusu. Je, saa hiyo inakufaa kitu?

Chukua familia ya Leicester inayokwenda Brussels na dereva mmoja. Ana kilomita kama 300 hadi Dover, sehemu yake ikiwa ni ile barabara ya M25 inayoizunguka London na isiyotabirika. Akitoka Calais ana nyingine 200. Handaki litampa nusu saa ya kukaa kwenye kiti kilekile, shingo ileile, kisha limtupe kwenye barabara ambayo magari hushika upande wa kulia. Feri itamtoa garini, atakula chakula cha moto, atalala dakika 40. Sheria za Uingereza na za Umoja wa Ulaya humlazimisha dereva wa lori kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Dereva wa gari la familia hana sheria ya kumlinda, ilhali macho yake huchoka kama ya mwenzake. Kwa huyu ningesema feri bila kusita, na kwa kuwa anaelekea Ubelgiji, aitazame kwanza ile ya Dunkirk. Inamshusha karibu na mpaka, na nusu saa anayoongeza baharini anaipunguza barabarani.

Mkazi wa kusini mwa London anayekwenda Lille Ijumaa jioni na kurudi Jumapili ana hesabu nyingine. Hajachoka bado, barabara ni fupi kote kuwili, na kila saa ya mapumziko yake ina thamani. Kwake handaki linastahili nauli yake. Ndivyo pia kwa mwenye mama mzee wa magoti mabovu, kwa sababu kutoka sitaha ya magari hadi juu kuna ngazi, na lifti huwa na foleni. Ndani ya treni bibi hatoki kwenye kiti chake. Mtu ambaye bahari humtapisha hahitaji ushauri wangu. Na yupo anayebanwa na kifua akifungiwa mahali pasipo dirisha la nje: huyo asilazimishwe kuingia handakini eti kwa sababu ni haraka.

Nauli haisemeki kwa namba moja, maana hubadilika kwa saa, siku na msimu, kama ya ndege. Kinachosemeka ni kwamba handaki kwa kawaida ni ghali zaidi, kwamba linatoza gari wala si kichwa, hadi watu tisa, na kwamba ziara fupi ya siku chache huuzwa kwa bei ya chini kuliko tiketi za kawaida. Feri ya usiku wa manane katikati ya juma ndiyo nafuu kuliko zote. Ila mwenye kukimbilia nafuu hiyo ajiulize ataliendesha gari saa tisa ya usiku akiwa katika hali gani akishashuka Calais. Chumba cha hoteli kinachotafutwa kwa dharura alfajiri hula akiba yote.

Kuna jambo ambalo vijitabu vya watalii hulipita haraka na ambalo kwa wasomaji wetu ndilo la kwanza: karatasi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anayeishi Uingereza kihalali bado anahitaji viza ya Schengen ili aingie Ufaransa. Kibali chake cha kukaa Uingereza hakimvushi. Gari la watu saba linaweza kuwa na pasipoti za aina tatu, na mmoja tu akikwama, wote wamekwama. Kwa hiyo hakikisheni viza za wote kabla ya kununua tiketi isiyorudishika. Anayetoka Brussels kuja kwa ndugu zake Leicester naye ajue kwamba raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hawaingii tena Uingereza kwa kitambulisho cha kawaida. Wanahitaji pasipoti na, tangu Aprili 2025, kibali cha kielektroniki cha kusafiri. Tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha za nyuso za wageni wasio raia wake, na kwa safari hii kazi hiyo hufanyika Dover na Folkestone, kabla ya kuondoka.

Kwa kuwa ukaguzi wa Wafaransa uko upande wa Uingereza, foleni nayo iko upande wa Uingereza. Dover imebanwa kati ya jabali na bahari, haina pa kupanuka. Julai 2022 magari yalirundikana hadi mjini, na mwishoni mwa Machi 2023 mabasi ya wanafunzi yalikesha bandarini wakati wa kuelekea Pasaka. Folkestone ina eneo pana zaidi, ingawa nayo hulemewa. Basi asiyefungwa na ratiba ya shule aepuke wikiendi ya kwanza ya likizo. Hakuna uamuzi utakaomsaidia kuliko huo, awe wa feri au wa handaki.

Usalama hauwezi kuguswa juu juu mbele ya watu wa pwani na maziwa yetu. Tarehe 29 Aprili 1994, wiki moja kabla ya handaki kufunguliwa, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na kuua watu 272. MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018 ziliacha vilio ambavyo familia nyingi bado zinavibeba. Anayetoka katika historia hiyo akisita kumpakia mtoto wake melini, hofu yake ina msingi, na anastahili jibu.

Bahari hii nayo ina kaburi lake. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover na milango yake ya mbele ikiwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala, hakuna aliyehakikisha, na nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha hali ya milango. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, meli ikalala ubavu ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Uchunguzi haukuishia kwa mtu mmoja aliyelala. Uliilaumu kampuni nzima kwa uzembe tangu ngazi za juu. Taa za milango na kamera zikawa za lazima, na kanuni za uthabiti wa meli zikakazwa. Kinachoifanya feri ya Dover iwe salama leo ni orodha ya abiria, idadi isiyopitwa, na mkaguzi mwenye mamlaka ya kuizuia meli isiondoke. Hayo ndiyo yaliyokosekana kwetu mara kwa mara, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji teknolojia ya kigeni.

Handaki limeungua zaidi ya mara moja. Mioto mikubwa ilikuwa ya Novemba 1996 na ya Septemba 2008, na yote miwili ilianzia kwenye treni za malori. Hakuna abiria aliyekufa. Njia ya katikati ndiyo iliyowaokoa: hewa yake ina msukumo mkubwa kuliko ya njia za reli, hivyo moshi hauingii, na kila mita 375 kuna mlango wa kuifikia. Agosti 2022 treni moja ilipopata hitilafu, abiria walitembezwa kwenye njia hiyo hadi treni nyingine. Walichoka, wengine waliogopa sana, lakini wote walitoka wazima. Kwa tahadhari hiyohiyo, gari linaloendeshwa kwa gesi haliruhusiwi ndani ya handaki, hata kama lina tangi la petroli pia. Mwenye gari hilo uamuzi wake umekwishafanywa: apande feri, na akate tiketi akitaja mapema kwamba gari lake ni la gesi. Gari la umeme hupita kote kuwili.

Nina neno kuhusu wanaozifanya meli hizi zisafiri. Tarehe 17 Machi 2022, P&O iliwafukuza kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja, bila notisi, na kuweka mahali pao watu wa wakala. Mkuu wa kampuni aliwaambia wabunge kwamba wastani wa malipo mapya ni pauni 5.50 kwa saa, wakati kima cha chini nchi kavu kilikuwa 8.91. Mmiliki wa P&O ni DP World ya Dubai, kampuni ileile iliyokabidhiwa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam Oktoba 2023. Baadaye Uingereza na Ufaransa zote zilitunga sheria za kulinda mishahara kwenye njia hizi. Msafiri anayeichagua feri kwa unafuu wake ana haki ya kujua unafuu huo umebebwa na nani, na kampuni zilizobaki kwenye njia hiyohiyo zinampa nafasi ya kuchagua.

Kuhusu mazingira sitakaa sana, kwa kuwa jibu ni rahisi. Treni za handaki hutumia umeme, na umeme wa Ufaransa kwa sehemu kubwa hautoki kwenye makaa wala mafuta. Feri nyingi bado huchoma mafuta, ingawa meli mpya zina betri za kusaidia. Kwa hewa safi, handaki liko mbele.

Ukishafika ng'ambo, mnaotoka Tanzania, Kenya au Uganda mna kazi moja zaidi. Tumezoea kushoto, na Ufaransa ni kulia. Mtu wa Bujumbura, Kigali au Goma yeye yuko nyumbani, ila usukani wa gari lake la Uingereza uko upande usiomfaa, na kwenye vibanda vya tozo za barabara dirisha la kulipia liko upande wa abiria. Abiria wa mbele ndiye mlipaji, asilale. Taa za mbele zinatakiwa kurekebishwa zisimpofushe anayekuja, na ndani ya gari lazima ziwemo fulana ya kuakisi mwanga na pembetatu ya tahadhari. Kwa chakula: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Ulaya kutoka Uingereza, na tangu Aprili 2025 Uingereza nayo inakataza wasafiri kurudi navyo kutoka Ulaya. Sambusa za nyama za harusi ziliwe hukohuko.

Mwisho, wapo ambao Dover na Folkestone zote si njia yao. Familia ya Leeds inayokwenda Den Haag ikifuata mazoea itashuka zaidi ya kilomita 400 hadi pwani ya kusini, ivuke, kisha ipande tena kaskazini kupitia Ubelgiji. Hull, iliyo mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Leeds, ina feri ya usiku ya kwenda Rotterdam. Wanapanda jioni, wanalala kitandani katika chumba chao, wanaamka Uholanzi, na Den Haag iko chini ya saa moja mbele yao. Harwich ina meli za Hoek van Holland, Newcastle zipo za IJmuiden karibu na Amsterdam, na Portsmouth hupeleka magari Caen, Cherbourg na hata Santander, kaskazini mwa Hispania. Nauli ya usiku pamoja na chumba huonekana kubwa mpaka utoe mafuta ya kilomita 400, hoteli ya njiani na siku nzima ya dereva. Kwa familia hiyo ya Leeds, mimi ningekata tiketi ya Hull.